Usitume jina la albamu tu: namna ya kupokezana usikilizaji wa roki ndefu, Mombasa

"Unasikiliza nini siku hizi?" Swali hilo likiingia kundini, majibu huwa ya mkato: jina la bendi, jina la albamu, na alama ya moto. Kwa wimbo wa dakika tatu jibu hilo latosha. Kwa roki ya progresivu na saikedeliki, ile yenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi na sauti za kuota, halitoshi, maana anayelipokea hajui aanzie wapi, asikilize toleo lipi, wala avumilie mpaka dakika ya ngapi kabla ya kusema albamu si yake. Chukua Wish You Were Here ya Pink Floyd, ya 1975. Wimbo wa kwanza unapita dakika 8 kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mgeni asiyeambiwa hilo anaacha dakika ya tatu. Hatua zifuatazo zinahusu kuipokeza albamu hivi kwamba mwenzako aisikie kweli, kwa simu na kwa kikao.

Hatua ya 1: Tengeneza simu kabla ya kubonyeza

Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Kisha ingia kwenye mipangilio utafute kile kipengele kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, ukiweke sekunde 0. Hiki ndicho kinachoharibu albamu nyingi bila mtu kujua. The Dark Side of the Moon, ya Pink Floyd pia, ya 1973, imeundwa nyimbo zikishikana. Programu ikiongeza mfifio wake juu ya mshikano uliopo, unasikia matope. Zima pia uchezaji wa kujiendeleza, usije ukadhani wimbo wa bendi nyingine ndio mwisho wa albamu. Ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti za juu, iache bila kuguswa mpaka usikilizaji wa pili.

Ukicheza faili zako mwenyewe, jihadhari na mp3. Usimbaji wake huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na kichezaji kisichojua kuukata kitakupa kwikwi kila wimbo unapobadilika. Tumia FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, au albamu nzima katika faili moja.

Hesabu ya bando kwa albamu ya dakika 43: kwa kilobiti 96 kwa sekunde utatumia megabaiti 31 hivi, kwa 160 utatumia 52, na kwa 320 karibu 103. FLAC ya ubora wa CD hufika 250 hadi 300. Pakua mapema penye Wi-Fi, kwa 320, kisha sikiliza simu ikiwa imekatwa mtandao. Hapo hakuna ujumbe utakaolia katikati, wala sauti kukatika unapopita mahali mtandao umelala.

Hatua ya 2: Sikiliza mara tatu, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili shika daftari, uandike dakika na sekunde ya kila kitu kilichokushtua. Mara ya tatu badilisha chombo: kama ulianza na spika, sasa hedifoni za waya. Muziki huu umejaa vitu vinavyohama kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Mtu aliyesikia On the Run, wimbo wa The Dark Side of the Moon, kwa spika ya simu pekee hajaisikia.

Mapigo yasiyo ya kawaida yahesabu kwa vidole, usikisie. Money, wa albamu hiyo hiyo, ni zoezi zuri: hesabu mpaka saba, rudia. Saksafoni inapiga juu ya saba hizo hizo, lakini gitaa likiingia kwa zamu yake mapigo yanakuwa manne, kisha yanarudi saba. Ukiweza kumwambia mwenzako "ngoja gitaa, hesabu itabadilika", umempa mlango wa kuingilia.

Hatua ya 3: Jua ni toleo gani

Hapa ndipo mabishano mengi yasiyo na maana yanapozaliwa. Watu wawili wanabishana kuhusu besi ya albamu moja, kumbe kila mmoja ana mchanganyiko wake, yaani namna sauti za vyombo zilivyopangwa na kusawazishwa studioni. In the Court of the Crimson King ya King Crimson ilitoka 1969. Ina mchanganyiko asilia, na ina michanganyiko iliyofanywa upya na Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza, miaka 40 na zaidi baadaye. Yeye huyo amezichanganya upya pia Close to the Edge ya Yes na Thick as a Brick ya Jethro Tull, zote za 1972. Kazi yake ni safi, na kwa hedifoni ninaipendekeza, lakini si sauti ile ile.

Orodha ya nyimbo nayo hubadilika. The Piper at the Gates of Dawn ya Pink Floyd, ya 1967, ilipotolewa Marekani ilianza na See Emily Play, na Astronomy Domine, unaofungua toleo la Uingereza, haukuwemo kabisa. Matoleo ya kumbukumbu nayo hubandika nyimbo za ziada mwishoni. Mwambie mwenzako albamu inaishia wimbo wa ngapi. Wimbo wa majaribio ukifuata sekunde mbili baada ya mwisho uliokusudiwa, mwisho wenyewe unakufa.

Hatua ya 4: Andika ujumbe unaobeba albamu

Ujumbe mmoja, albamu moja. Ukituma tano kwa mpigo hakuna atakayesikiliza hata moja. Weka mambo haya: bendi, jina, mwaka na urefu, toleo, umesikiliza mara ngapi na kwa chombo gani, mahali pa kuvumilia, mahali pa kuanzia kwa mwenye haraka, na jambo moja la kutega sikio. Mfano unaokidhi yote:

"King Crimson, In the Court of the Crimson King, 1969, nyimbo tano, dakika 44 hivi. Mchanganyiko asilia. Mara tatu, hedifoni za waya, usiku. Karibu nusu dakika ya mwanzo ni upepo tu, usiongeze sauti. Sauti ya mwimbaji katika wimbo wa kwanza imekwaruzwa makusudi; spika yako haijapasuka. Wimbo wa nne, Moonchild, ni wa dakika 12, na baada ya dakika mbili na nusu hivi unakuwa vyombo vinavyogusana taratibu, chini sana. Albamu haijakwama. Hapo pia usiongeze sauti, kwa sababu wa tano unaingia kwa kishindo. Mwenye dakika 9 tu aanze na wa tatu, Epitaph, asikilize Mellotron: kile ni kinanda kinachocheza kanda zilizorekodiwa, ndiyo maana fidla zake zinasikika kama watu wanaopumua."

Huo ni ujumbe mrefu, na ni sawa uwe mrefu. Sehemu za onyo ndizo zinazookoa wasikilizaji, kuliko sifa. "Albamu kali sana" haimsaidii mtu. "Usiongeze sauti" inamwokoa masikio.

Kwa albamu mpya fanya vivyo hivyo, ila urefu uugawe kwa siku ya mtu. The Overview ya Steven Wilson, ya 2025, ina vipande viwili tu, kimoja cha dakika 23 na kingine cha 18. Mwambie anayevuka Likoni kila asubuhi: kipande cha pili kinaenea kwenye foleni na feri, cha kwanza kiweke nyumbani. Bendi ya Opeth nayo, katika The Last Will and Testament ya 2024, nyimbo saba za mwanzo imezipa alama za aya (§1 hadi §7) badala ya majina, kwa hiyo taja namba kwa uangalifu, la sivyo watu watapotezana.

Usirekodi spika kwa ujumbe wa sauti ukidhani unawaonjesha wenzako muziki. Simu inachukulia upatu na kinanda cha mbali kuwa kelele, inavifuta. Ujumbe wa sauti utumie kuzungumza, usizidi dakika moja na nusu. Na usitume faili za albamu za watu, tuma kiungo. Polygondwanaland ya King Gizzard & the Lizard Wizard ni jambo jingine: mwaka 2017 bendi hiyo ya Australia iliitoa bure na kuruhusu mtu yeyote aitengenezee CD, kanda au santuri. Kama kundi lenu ni jipya, anzeni nayo, kila mtu awe na nakala halali.

Hatua ya 5: Kikao

Albamu moja kila wiki mbili ni mwendo unaodumu. Kila wiki ni nyingi; watu huanza kusema wamesikiliza na hawajasikiliza. Anayechagua awe mmoja kwa zamu, asipigiwe kura, maana kura huleta Pink Floyd kila mara.

Saa nzuri kwetu ni baada ya isha, saa mbili na nusu usiku. Albamu ya dakika 43 itakwisha saa tatu na robo, na mtu wa ng'ambo ya feri hajachelewa. Mkianza alasiri, adhana zitawakatiza, na kusimamisha muziki ndiyo heshima, lakini Close to the Edge ikisimamishwa dakika ya 11 haiungiki tena.

Spika ndizo zenye kazi. Moja ya Bluetooth haitoshi, hata iwe kubwa kiasi gani: nyingi huchanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja. Tafuta mbili, uunganishe simu au kompyuta kwa waya. Ziachane mita 2, kila moja iwe sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, na wasikilizaji wakae mita 2 mbele, katikati. Watu sita ndio kiasi. Wa saba anakaa pembeni na anasikia upande mmoja.

Jaribu kabla wageni hawajafika. Besi ikiwa nyembamba na mwimbaji anaonekana kutoka kila mahali isipokuwa katikati, waya za spika moja zimepinduliwa. Badilisha nyekundu na nyeusi upande mmoja tu. Upande mmoja ukikwaruza na kukatika, angalia tundu la waya. Hewa yetu ya chumvi hulisha kutu sehemu hizo. Chomoa na uchomeke mara kumi, na ikirudi, pangusa kwa spiriti, acha ikauke.

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe na dari za juu, na sauti inagonga na kurudi. Watu hutundika leso ukutani. Leso ni nyembamba, haifanyi kitu. Zulia zito sakafuni na magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya wasikilizaji ndiyo dawa. Feni nayo, wakati wa kaskazi huwezi kuizima, basi iweke nyuma ya watu kwa mwendo wa chini, isipulize kati ya spika. Albamu yenye utulivu kama ile ya Moonchild ihifadhi mpaka majira ya kusi, madirisha yaweze kufungwa.

Sauti iwe kiasi cha kwamba ukitaka kuzungumza na wa jirani unainua yako kidogo. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kama mpaka wa usalama, na mkishindana na muziki kwa kupiga kelele mmeshaupita. Stima ikikatika, msihamie spika ya simu. Subirini, kisha anzeni upande ule ule upya.

Upande, ndiyo: albamu za zamani zilikuwa na pande mbili, na mapumziko yake ni sehemu ya muundo. Katika The Dark Side of the Moon simamisheni baada ya The Great Gig in the Sky, dakika tano. Hapo ndipo kahawa tungu na kashata zinapopita. Kachiri za muhogo zingoje mwisho. Mtu akitafuna wakati wa sehemu ya sauti ya chini hakuna anayesikia kingine.

Hatua ya 6: Maneno baada ya muziki

Muziki ukikwisha, nyamazeni dakika mbili. Kisha kila mtu ataje sekunde moja tu iliyomshika, kwa wakati wake, na aseme ilifanya nini. Mfano kwa Echoes, wimbo wa Pink Floyd wa dakika 23 na nusu katika albamu ya Meddle, 1971: "Ile milio ya katikati, baada ya dakika ya 11, nilidhani ni ndege au nyangumi." Mwenzake anajibu kwamba ni gitaa la David Gilmour, kanyagio la wah, kifaa cha mguuni kinachoipa sauti mlio wa "wa-wa", likiwa limeunganishwa kinyume. Mazungumzo ya namna hii huendelea. "Nimeipenda, nane kwa kumi" huishia hapo hapo.

Mzee aliyekulia taarab mpeni nafasi ya kusema mapema. Aliyezoea kungoja udi umalize taksimu, ule upigaji wa kubuni papo hapo, kabla ya mwimbaji haogopi utangulizi mrefu, na mara nyingi ndiye anayesikia muundo kabla ya vijana. Kwa mgeni anayeona haya yote ni ya Wazungu, mleteeni Zamrock, roki ya Zambia ya miaka ya 1970: Lazy Bones!! ya WITCH na Africa ya Amanaz, zote za 1975. Gitaa lililokwaruzwa, nyimbo fupi zaidi, na midundo anayoifahamu. Tales from Topographic Oceans ya Yes, nyimbo nne kwa zaidi ya saa moja na robo, isiwe ya kwanza kwa mtu yeyote.

Hatua ya 7: Daftari

Jedwali moja la pamoja: tarehe, albamu, mwaka, toleo, aliyeileta, sekunde zilizotajwa. Ongeza safu moja zaidi: "nani amerudi kuisikiliza peke yake". Ijazeni baada ya mwezi. Albamu ambayo safu hiyo ni tupu, ileteni tena mwaka ujao, mkibadilisha toleo au chumba.