Gari Lako Linalala Wapi? Anwani ya Nyumba na Bei ya Bima Ughaibuni

Ukichukua bima ya gari hapa Nairobi, anwani si kitu cha kukunyima usingizi. Unaandika S.L.P. yako na 00100, ajenti anaendelea na kinachomhusu: thamani ya gari na matumizi yake. Tuseme gari ni la shilingi 1,500,000 na kiwango ni asilimia 4. Hiyo ni 60,000. Ongeza tozo ya mafunzo asilimia 0.2, mfuko wa fidia wa wenye bima asilimia 0.25 na ushuru wa stempu shilingi 40, unalipa 60,310. Ukihama Umoja ukaenda Kilimani, kwa kawaida hesabu hiyo haiguswi.

Anayetoka Embakasi kwenda Birmingham au Dallas hubeba mazoea hayo, kisha anashangaa gari lile lile, kwa dereva yule yule, kupewa bei mbili kwa sababu ya nyumba mbili. Sanduku la posta huko halitoshi. Kampuni inataka kujua mlango wa nyumba unayoishi na mahali gari linapolala usiku.

Sababu ni kwamba kampuni hugawa nchi vipande vipande, Uingereza kwa msimbo wa posta, Marekani kwa zip code, na kila kipande hupimwa kwa madai yaliyolipwa hapo miaka iliyopita. Wengi hudhani ni hesabu ya wezi. Wizi upo, lakini mtaa wenye msongamano hugongana kila siku hata ukiwa wa matajiri, na kumlipa mtu aliyeumia hugharimu kuliko bampa na taa. Marekani huingia pia mvua ya mawe, mafuriko, kesi za mawakili na madereva wasio na bima. Kwa ufupi, unalipia rekodi ya majirani kabla hujaendesha hata kilomita moja. Hilo linamuumiza dereva mwangalifu mwenye kipato kidogo, na California walilikataa kwa kura mwaka 1988: sheria yao inataka rekodi ya uendeshaji, maili za mwaka na miaka ya uzoefu vitangulie kwa uzito.

Ujerumani mambo ni tofauti kidogo. Eneo hupimwa kwa wilaya nzima ya usajili wa gari, na bima ya lazima ina madaraja 12 ya maeneo. Kuhama mtaa ndani ya wilaya hiyo hakukushushi wala kukupandisha daraja. Kanada inategemea mkoa: British Columbia, Saskatchewan na Manitoba bima ya msingi hutolewa na shirika la umma, ilhali Ontario ni kampuni binafsi, na huko msimbo wa posta unauma kwelikweli; watu wa mji wa Brampton wanalijua hilo.

Wakati wa kufanya hesabu ni kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba. Omba kotesheni mbili siku moja, kila kitu kikiwa sawa, yaani gari, maili, tarehe ya kuanza na kiasi utakachobeba mwenyewe ajali ikitokea. Badilisha anwani peke yake. Kisha linganisha na kodi ya nyumba. Nyumba iliyo nafuu kwa pauni 40 kwa mwezi inakuokolea 480 kwa mwaka. Bima ikipanda kwa 600, umepoteza 120. Uingereza, tafuta bei wiki tatu hivi kabla ya siku unayoitaka, maana kusubiri hadi siku ya mwisho mara nyingi hupandisha bei.

Kwenye swali la maegesho, andika ukweli wa kila usiku. Usiseme gereji kama gereji imejaa masanduku na gari linalala barabarani. Gari likiibwa nje ya geti, jibu hilo ndilo litakaloangaliwa kwanza. Anayefanya zamu za usiku na kuacha gari kwenye maegesho ya hospitali usiku nne kwa wiki aseme hivyo. Na mhudumu wa wazee anayekwenda nyumba hadi nyumba ahakikishe bima yake inaruhusu matumizi ya kazi. Ya kwenda na kurudi kituo kimoja cha kazi haimtoshi. Hili la mwisho si la anwani, lakini limewaponza wengi mno, siwezi kuliacha.

Sasa lile la anwani ya binamu. Binamu anaishi kijijini, bima kwake ni rahisi, kwa hiyo unaandika kwake huku unaishi mjini. Kukaa kwake miezi ya kwanza na kuandika anwani hiyo ni halali kabisa ikiwa gari kweli linalala hapo. Ukishahama, si halali tena. Sheria ya Uingereza ya 2012 kuhusu taarifa anazotoa mteja wa bima hutenganisha makosa mawili. Ukikosea kwa uzembe, kampuni inaweza kupunguza fidia kwa uwiano: ulipaswa kulipa pauni 1,200, ukalipa 900, basi dai la 8,000 linalipwa 6,000. Ukidanganya kwa makusudi, inaweza kufuta bima yote, kukataa dai na kubaki na ada yako. Mtu uliyemgonga bado hulipwa, kisha kampuni inaweza kukufuata wewe urudishe. Baada ya hapo, fomu nyingi za bima zitakuuliza kama umewahi kufutiwa, na mara nyingi bei utakayopewa itazidi kile ulichookoa.

Ukihama katikati ya mwaka, piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya siku ya kuhama. Uliza mambo matatu: tofauti ya ada kwa miezi iliyobaki, gharama ya kubadilisha karatasi, na kama wanakubali msimbo mpya. Wakikataa, tafuta kampuni nyingine kwanza ndipo ufute mwenyewe. Usikubali siku hata moja ipite bila bima, maana Uingereza faini ya papo hapo ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Kisha badilisha anwani DVLA, mamlaka ya Uingereza ya leseni na usajili wa magari, kwenye logibuku na kwenye leseni. Ni vitu viwili tofauti, vyote bure, na kukaa kimya kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000. Marekani, kuhamia jimbo jingine ni kuanza upya usajili na bima: kusajili gari, Texas inakupa siku 30, Minnesota 60.

Kama mtaa ni ghali na huwezi kuhama, bado kuna pa kubana. Lipa mwaka mzima mara moja ukiweza, kwa kuwa malipo ya mwezi mara nyingi huwa na riba. Kadiria maili kwa kusoma mita ya gari, usibuni. Kubali kisanduku cha kufuatilia uendeshaji ikiwa huendeshi usiku wa manane. Kupandisha kiasi unachobeba mwenyewe hushusha ada, ila usipandishe kupita akiba uliyo nayo benki.

Na kwa ambaye bado yuko Nairobi: kabla ya safari, iombe kampuni yako barua kwenye karatasi yake rasmi, kwa Kiingereza, ionyeshe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya gari, tarehe za bima na miaka ambayo hukudai fidia. Kampuni nyingi za nje zitaikataa. Chache huikubali, na kwa anayeanza kwenye msimbo wa posta ghali, punguzo la kutodai fidia ni kubwa.