Somo: Kuwaondoa Wageni Mlimani Kilimanjaro Moto Unapozuka

Somo hili ni la waongoza watalii, wapishi na wapagazi. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo. Ule wa Oktoba 2022 ulizuka karibu na kambi ya Karanga. Yote miwili iliwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo vichaka vya mlimani vimekauka na wageni bado ni wengi.

Hatua ya kwanza: orodha. Kabla ya kuvuka lango, andika majina ya watu wote wa msafara, wapagazi na mpishi wakiwemo, kisha waulize askari wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, hali ya njia. Wageni hutembea pamoja na mwongozaji wao, lakini wapagazi hutangulia na kutawanyika, na mtu ambaye hakuandikwa hakuna atakayemtafuta.

Hatua ya pili: taarifa. Ukiona moshi, usisubiri kuona miali. Simamisha kikundi, toa taarifa kwa askari kwa redio au simu ukitaja mahali mlipo, idadi yenu na upande unaoelekea moshi, kisha waite waliotangulia.

Hatua ya tatu: mwelekeo. Hapa ndipo maisha huokolewa au kupotea. Moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoushuka, kwa kuwa joto lake hukausha mimea iliyo juu kabla miali haijaifikia, na mchana upepo wa mlimani kwa kawaida huvuma kuelekea juu. Kwa hiyo, moto ukiwa chini yenu, msikimbilie juu kupitia vichakani. Kateni kando, mtoke kwenye njia ya upepo, mkielekea penye miamba, changarawe au ardhi iliyokwisha kuungua na kupoa. Kikundi kilichokwisha kufika kwenye jangwa la juu, penye mawe na mimea michache, kinaweza kuwa salama zaidi kikibaki huko kikisubiri maelekezo, lakini msitegemee kimo peke yake: Karanga iko takriban mita 4,000, na bado moto uliwaka jirani yake. Angalieni ardhi iliyo mbele yenu ina nini cha kuungua.

Hatua ya nne: mizigo na mavazi. Mahema na vyombo viachwe. Kila mtu abebe maji, dawa, hati zake na nguo ya joto. Makoti ya nailoni huyeyuka na kugandia ngozi, hivyo karibu na moto nguo za pamba au sufu ni bora.

Hatua ya tano: kuhesabu tena mkifika salama, jina kwa jina, na kuwapa askari jina la yeyote asiyeonekana.

Maswali ya washiriki

Swali: Mwalimu, mgeni akiumwa kichwa na kutapika, nitajuaje kama ni moshi au ugonjwa wa mlimani, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu?

Jibu: Ndugu yangu, dalili hufanana, na kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri hata mtu akiwa amevuta kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Usichelewe kwa kutafuta jibu: mtoe kwenye moshi, mshushe kwa njia iliyo salama, na mweleze daktari kwamba alivuta moshi.

Swali: Mimi ni mpishi. Jiko liwekwe wapi?

Jibu: Kwenye eneo la kambi lililoruhusiwa, juu ya udongo mtupu, mbali na nyasi, na lisiachwe likiwaka bila mtu. Chakula cha njiani kibebwe kikiwa tayari, ili pasiwe na haja ya kuwasha moto mahali pa mapumziko.

Swali: Mgeni amelipa fedha nyingi na anakataa kugeuka. Nifanyeje, kaka?

Jibu: Mweleze usiku wa kwanza, kabla ya dharura, kwamba moto ukizuka uamuzi ni wa askari na wako. Siku yenyewe usijadiliane naye. Mwambie kwa heshima kwamba msafara wote unaondoka sasa, na umpe mwongozaji msaidizi wa kutembea naye bega kwa bega.