Kabla ya mahari, pitieni labo kwanza

Hapa Lubumbashi ndoa ina ngazi zake. Kijana anajitambulisha kwa wakwe, wajomba wanakaa, orodha ya mahari inatolewa, watu wanabishana juu ya mbuzi na vitenge vya mama, kisha komine (ofisi ya serikali inayofungisha ndoa), kisha kanisa. Vipimo vya damu vimesukumwa karibu na mwisho kabisa, pale mchungaji anapodai karatasi ndipo afungishe. Kwa maoni yangu huko ni kuchelewa. Wakati huo suti imekwisha kushonwa, ukumbi umelipiwa, na habari zimefika hadi Likasi na Kolwezi. Nani atasoma "AS" (yaani anabeba urithi wa selimundu bila kuumwa) kwenye karatasi yake na "AS" kwenye karatasi ya mwenzake, halafu athubutu kusema tungoje kidogo? Kipimo hicho hicho kikifanywa mnapotembeleana tu, kinawaachia nafasi ya kufikiri bila shangazi kusimama mlangoni.

Nazungumzia elektroforezi ya hemoglobini, kipimo cha drepanositozi, ugonjwa wa damu wa kurithi, yaani selimundu kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya. Kongo ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, pamoja na Nigeria na India.

Chanzo chake ni kidogo mno ukilinganisha na mateso yake. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. DNA iliyomo imeandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayoelekeza jinsi ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Jeni ya kawaida huandikwa A kwenye karatasi, yenye kasoro huandikwa S. Kwa mwenye S, mahali pamoja tu, herufi A ya DNA imekuwa T. Kwa ajili ya herufi hiyo moja, asidi amino ya glutamiki imeondoka na valini imekaa nafasi yake. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hizo zinashikana, chembe nyekundu inapinda, inakwama kwenye mishipa midogo, na inakufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya siku 120 hivi. Hapo ndipo maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara yanapotoka.

Aliyerithi S kutoka upande mmoja na A kutoka upande mwingine ni AS, naye haumwi; mgonjwa ni SS, aliyepata S pande zote mbili. Anacheza mpira, anabeba saruji, tena malaria kali humpata kwa shida kuliko mwenye AA. Ndiyo sababu S imedumu sana katika nchi zetu za mbu. Kwa hiyo afya yako nzuri haithibitishi chochote. AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 25% kuwa SS, 50% kuwa AS na 25% kuwa AA. Nasisitiza: kila mimba. Watu husema, "Sisi tumezaa watatu wazima, wa nne atakuwaje mgonjwa?" Wale watatu hawakumaliza wala kupunguza chochote, hesabu inaanza upya.

Mkifika labo, ulizeni mnapimwa kwa njia gani. Kuna kipimo cha bei nafuu kinachoitwa Emmel, ambapo tone la damu linanyimwa oksijeni na kuangaliwa kwa darubini. Kinaonyesha kwamba S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Elektroforezi inazitenganisha hemoglobini kwa umeme, nanyi mnapewa asilimia. Karatasi ya AS kwa kawaida inaonyesha A nyingi kuliko S, kwa mfano A 60 na S 37 hivi. Ya SS haina A kabisa. Mtu wa labo akikuuliza, "Dada, uliwahi kuwekewa damu karibuni?" usimfiche. Damu ya mtu mwingine ikiwa bado inazunguka mwilini mwako, kipimo kinasoma hemoglobini yake pamoja na yako. Ngojeni miezi mitatu au minne. Kufunga kula hakuhitajiki, kunyweni chai yenu.

Mkikuta wote ni AS? Siwaamulii. Wapo wanaoachana kwa heshima, wapo wanaooana wakijua watakachofanya: kumpima mtoto mapema badala ya kungoja vidole vivimbe, kumpa penisilini ya kinga hadi miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria, na kumwuliza daktari juu ya hidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Dalili huchelewa miezi ya kwanza kwa sababu mtoto bado ana hemoglobini ya tumboni, kwa hiyo mtoto mnene wa miezi mitatu asiwadanganye. Jambo moja tu nalishikilia: karatasi isomwe na ninyi wawili kwanza, si na kamati ya familia.

Siku hiyo hiyo pimeni kundi la damu. Mke akiwa resus hasi (ile alama ya kutoa kwenye kundi la damu, kama O−) na mume chanya, mimba ya kwanza mara nyingi hupita salama, lakini damu ya mtoto ikichanganyika na ya mama wakati wa kuzaa, mwili wa mama unajifunza kuishambulia, na mtoto anayefuata ndiye anayeumia. Kuna sindano ya anti-D ya kuzuia hilo, ambayo baada ya kuzaa hutolewa ndani ya saa 72. Inafaa kuanza kuitafuta na kuiwekea pesa mapema. Virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini ya B zinajulikana, pimeni zote.

Upande wa homoni, mabibi harusi wengi huanza kuhesabu wakiwa wamechelewa. Aliyekuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu anaweza kungoja miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kabla yai kuanza kutoka tena kama kawaida. Mama mkwe asiyejua hilo ataanza kunong'ona mwezi wa pili. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 32 asihesabu siku ya 14, ahesabu karibu na ya 18. Linaishi saa 12 hadi 24, mbegu za kiume zinaweza kungoja hadi siku tano. Na asidi foliki, mikrogramu 400 kila siku, ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Vidonge vya CPN (kliniki ya wajawazito) ni vizuri, ila mirija ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama wana mimba.

Mwanaume naye ana maandalizi yake. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, basi kupunguza pombe na sigara wiki ya harusi hakusaidii mtoto wa mwezi huo. Akiwa anafanya kazi ya madini, na hapa kwetu ni wengi, kuna la ziada. Utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 uliona ulemavu wa kuzaliwa nao zaidi kwa watoto ambao baba zao wana kazi za machimboni. Nguo za kazi zibaki kazini, au zifuliwe peke yake, na aoge kabla ya kuingia chumbani. Tena X au Y inatoka kwake, mke hana Y ya kutoa. Wakizaliwa wasichana watupu, wajomba wasimtafute mwanamke.

Mwaka mzima ukipita bila kinga na bila mimba, wote wawili waende kupimwa, mume akianza, kwa kuwa kupima mbegu ni rahisi kuliko kuchunguza mirija ya mke. Matokeo yote yawekeni kwenye bahasha moja, na siku ya kwanza ya CPN mama aende nayo.