Somo: Kutoka posti za ndugu hadi dizaina anayelipwa (faili, potfolio, bei, wateja)

Wakuu, somo hili ni la mtu anayejua tayari kutumia programu ya kuchora, ameshatengeneza kadi za harusi na posti za duka la shangazi, na sasa anataka kazi hiyo ilipe kodi ya nyumba. Kuchora hakufundishwi hapa. Kinachofundishwa ni yale yanayomfanya mchapaji wa Kariakoo au River Road akuletee wateja. Kwa anayeanza bila jina, huyo ndiye mlango wa karibu kuliko ajensi yoyote: kila siku watu wanaingia dukani kwake na skrinshoti za WhatsApp wakitaka ziwe bango, na wa kuwatengenezea ama hana, ama kazidiwa.

Hatua ya 1: Programu

Usipoteze muda hapa. Chagua moja ya vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kupoteza ubora) uijue vizuri: Illustrator au CorelDRAW (hii utaikuta kwenye maduka mengi ya uchapaji). Photoshop ni ya picha, InDesign ni ya vitabu na ripoti. Usipokuwa na hela ya leseni, Inkscape, GIMP na Scribus ni za bure. Ila Inkscape haishughulikii vizuri rangi za uchapaji, kwa hiyo kazi imalizie kwenye Scribus. Canva inafaa kwa posti za mitandaoni. Toleo lake la bure halitoi PDF ya CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji: C samawati, M majenta, Y njano, K nyeusi), na nembo uliyoitoa kwenye templeti zake mteja hataweza kuisajili kama alama ya biashara, kwa sababu watu wengine wana haki ya kutumia templeti hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Faili linalochapika

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tuchukue kazi moja hadi mwisho: kipeperushi cha A5, pande mbili.

Kabla ya kufungua programu, mpigie mchapaji. Muulize ni mashine ya dijitali au ofseti (inayochapa kwa pleti, bamba moja kwa kila rangi), karatasi ni ya gramu ngapi (kipeperushi kizuri ni gramu 130 na kuendelea, kadi ya biashara ni 300), na anataka PDF ya aina gani. Nakala 100 ni za dijitali. Maelfu ni ya ofseti, kwa kuwa gharama ya pleti ni ile ile uchape nakala 200 au 5,000.

Ukubwa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza blidi ya milimita 3 kila upande, yaani ile rangi inayovuka mstari wa kukatia, upate 154 kwa 216. Gilotini inakata rundo zima kwa mkupuo na karatasi husogea kidogo. Bila blidi, nusu ya vipeperushi vitatoka na uzi mweupe ukingoni. Kwa sababu hiyo hiyo, maandishi yakae milimita 5 ndani ya mstari.

Fungua faili likiwa CMYK tangu mwanzo. Ile kijani inayong'aa kwenye simu haipo kwenye wino, na ukibadilisha rangi siku ya mwisho mteja atadhani umemharibia kazi.

Picha ziwe na 300 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa ukubwa zitakaotumika. Picha ya kujaza A5 pamoja na blidi inahitaji pikseli 1819 kwa 2551 hivi. Ile uliyotumiwa kama picha ya kawaida WhatsApp imeshabanwa. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. Kuandika 300 kwenye kisanduku cha dpi wakati picha ni ndogo hakuongezi kitu, unanyoosha ukungu tu.

Nyeusi ina mambo yake. Maandishi madogo yawe K100 (wino mweusi asilimia 100) peke yake. Ukiyaweka kwenye rangi zote nne, pleti zikipishana hata kidogo kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu. Eneo kubwa jeusi, kinyume chake, likiwa K100 tu linatoka kijivu. Weka C60 M40 Y40 K100. Usithubutu kuweka zote 100: wino unakuwa mwingi, haukauki, na unachafua mgongo wa karatasi inayofuata.

Kuna kosa jingine ambalo kwenye onyesho la kawaida la skrini huwezi kuliona. Maandishi meupe yakiwa yamewekewa ovaprinti (alama ya kuchapa juu ya rangi nyingine bila kuikata iliyo chini) hupotea kabisa kwenye chapa. Hutokea ukigeuza maandishi meusi kuwa meupe bila kuondoa alama ile. Kabla ya kutuma, washa onyesho la ovaprinti kwenye Acrobat uangalie.

Hakiki tahajia, kisha geuza fonti kuwa maumbo, ukibaki na nakala inayoharirika. Toa PDF/X-1a au PDF/X-4 (aina za PDF za uchapaji) kadiri mchapaji alivyosema. Halafu, na hili halina mjadala, piga kila namba ya simu iliyomo kwenye kazi na usikie nani anapokea. Tarakimu moja ikikosewa kwenye nakala 5,000, zote ni za kufungia maandazi. Mwisho, mteja aandike "nimekubali" akiwa ameona toleo la mwisho, na ujumbe huo uutunze.

Kwa haraka kuhusu kazi nyingine: rolapu (bango la kusimama linalojikunja kwenye stendi) ya sentimita 85 kwa 200 inatosha kwa 100 hadi 150 dpi, na sentimita 10 za chini ziache bila maandishi kwa sababu ziko karibu na stendi na hakuna anayezisoma. Fulana za skrini (wino unapitishwa kwenye wavu), kila rangi ina fremu yake na gharama yake, kwa hiyo nembo yenye rangi zinazofifia ni mzigo kwa mteja. Mtengenezee pia toleo la rangi moja.

Hatua ya 3: Potfolio

Kazi 6 hadi 8 zinatosha. Kama huna wateja, jipe kazi zenye masharti halisi: lebo ya asali yenye uzito, tarehe ya mwisho na nafasi ya msimbo pau, menyu ya mgahawa ambayo bei zake zitabadilika, kanga ya ushirika, yenye pindo, mji na jina, kwa rangi tatu tu. Kanga ni mtihani mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inakulazimisha kupanga kwa ulinganifu na kuandika sentensi moja inayosomeka kwa mbali.

Chapa angalau kazi tatu kweli na uzipige picha kwenye mwanga wa dirishani. Chini ya kila moja andika tatizo lilikuwa nini na wewe ulifanya nini. Ziweke Behance (tovuti ya kuonyesha kazi za dizaini), halafu tengeneza PDF isiyozidi MB 5 ya kutuma WhatsApp. Usichore upya nembo ya kampuni kubwa ukaiweka kana kwamba walikuajiri. Waajiri wanapiga simu kuuliza.

Hatua ya 4: Bei na makubaliano

Anza na matumizi yako. Tuseme kwa mwezi unahitaji shilingi 900,000 za Tanzania pamoja na umeme, bando na akiba ya kompyuta, na saa za kazi inayolipwa ni 90, kwani zinazobaki zinaliwa na simu na foleni. Saa yako ni 10,000. Nembo ya saa 15 haishuki chini ya 150,000. Ukipunguza bei punguza na kazi: mchoro mmoja badala ya miwili.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ujumbe mmoja mrefu wa WhatsApp: kazi ni nini, michoro mingapi, mizunguko ya marekebisho miwili (wa tatu unalipiwa), tarehe, nani anamlipa mchapaji, faili gani zitakabidhiwa, nani ana haki ya kutumia kazi na wapi. Advansi nusu kabla ya kuanza, iliyobaki kabla ya faili la mwisho. Chukua TIN ya TRA, au PIN ya KRA ukiwa Kenya, mapema. Makampuni na mashirika hayakulipi bila hiyo, na mengi yatakata kodi ya zuio asilimia 5. Kwenye ankara ya 500,000 utapokea 475,000; dai cheti cha zuio ili kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yako.

Hatua ya 5: Kutoka nje

Tembelea wachapaji watano asubuhi, kabla hawajabanwa. Usiombe kazi, mwombe akuonyeshe faili linalomsumbua, ulitengeneze. Akiliona limepita mashineni bila kelele, namba yako ataibandika ukutani. Ajensi zifuate ukishakuwa na kazi zilizochapwa. Huko utaanza kama dizaina mdogo, ukibadilisha saizi za matangazo ya wengine, na kasi na usafi wa mafaili ndivyo vinavyopandisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, mteja anataka faili la wazi (linaloharirika) la nembo. Nimpe?

Nembo, mpe. Atahitaji vekta (AI, SVG au PDF), PNG isiyo na usuli, na matoleo ya rangi, nyeusi na nyeupe. Mafaili ya wazi ya vipeperushi na ripoti ni suala jingine: yana bei yake, na iandikwe tangu mwanzo.

Mwanachama, Mombasa: Buluu ya nembo imetoka zambarau kwenye kadi. Mchapaji anasema kosa ni langu.

Huenda anasema kweli. Angalia namba: C100 M100 lazima iegemee zambarau. Shusha M iwe chini ya C kwa pointi 30 au zaidi, mfano C100 M70. Chapa mraba mdogo wa majaribio kwenye karatasi ile ile.

Mwanachama, Goma: Nikinyoosha aya za Kiswahili pande zote mbili, zinatoka na mapengo makubwa. Kifaransa hakinisumbui hivyo.

Maneno yetu ni marefu, na programu yako inakata kwa kamusi ya Kifaransa au haikati kabisa. Kwenye safu nyembamba nyoosha kushoto tu. Ukilazimika kukata, kata mwisho wa silabi: wana-kijiji, si wan-akijiji.

Mwanachama, Dodoma: Nilimtumia mteja michoro, akapotea. Sasa naiona kwenye bango lake. Nifanyeje?

Hakimiliki inakulinda hata bila kusajili, lakini ushahidi ni wako: mafaili ya wazi yenye tarehe na mazungumzo yenu. Mwandikie kwa adabu ukiambatanisha ankara. Wengi hulipa hapo. Akikataa, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki (Kenya ni KECOBO). Kuanzia sasa michoro ya awali itume kama JPG ya pikseli 800 yenye jina lako katikati, na baada ya advansi.

Mwanachama, Nairobi: Wateja wanasema akili bandia inawatengenezea bure.

Chukua picha yao uipime. Ikiwa ni pikseli 1024 kila upande, kwa 300 dpi inachapika vizuri sentimita 8.7 tu, si vekta, na maneno ya Kiswahili ndani yake huenda yamevurugika herufi. Toza kuichora upya kwa vekta na kuipangia blidi. Hiyo nayo ni kazi, iweke kwenye orodha yako ya bei.