Lenzi moja ya safari: namna ya kuichagua kabla hujatoa hela

Nina kamera, nataka lenzi moja tu ya kutembelea nayo, ninunue ipi? Hili swali naulizwa karibu kila wiki hapa Bagamoyo, na vijana wanaoanza kupiga picha, na wageni wanaotoka Dar kuja kushinda siku moja, na wengi wakiuliza tayari wana jibu kichwani, wanataka ile inayovuta mbali kuliko zote. Mimi nawaambia tuanzie upande wa pili. Zumu ni lenzi inayopanua na kuvuta, na huandikwa namba mbili za milimita, mfano 18-135, ndogo inapanua, kubwa inavuta. Kwenye zumu ya safari namba ya kwanza ina kazi kubwa kuliko namba ya mwisho, na ukinifuata mpaka chini utaona kwa nini.

Kwanza niseme kwa nini lenzi moja. Kuna kipindi nilikuwa natembea na mbili, fupi na ndefu, nabadilisha palepale ufukweni karibu na soko la samaki. Siku hiyo kusi inapiga, mchanga unaruka, mashua zinaingia na mimi nataka nahodha kwa karibu, nikageuza mgongo upepo nikabadilisha chapchap. Jioni nafungua picha kwenye kompyuta, kila palipo na anga kuna madoa meusi matatu upande wa kulia juu, palepale, picha baada ya picha, na wale niliowapiga walishaondoka. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Niliyasafisha madoa moja moja usiku mzima. Toka siku ile nikiwa pwani lenzi haitoki kwenye kamera.

Hatua ya kwanza: pekua picha zako mwenyewe. Kabla hujaangalia bei ya duka lolote, fungua picha zako za zamani. Kila picha ya kamera inabeba taarifa zake ndani, ilipigwa kwa mm ngapi, apacha ngapi (tundu la lenzi linalopitisha mwanga, huandikwa f, namba ndogo ndo tundu kubwa), ISO ngapi (kamera imekuzaje mwanga ulioingia), ukiingia kwenye taarifa za faili unaziona, na kama unatumia programu ya Lightroom unazichuja zote kwa mm mara moja. Chukua mia ulizozipenda, nasema ulizozipenda, zile ulizotuma au ukaprinti, uhesabu zimelala wapi. Mwenye 18-55, ile inayokuja na kamera, aangalie hasa ncha mbili. Zikirundikana kwenye 18 maana yake ulitaka kurudi nyuma zaidi ukakwama, zikirundikana kwenye 55 ulitaka kusogea ukashindwa. Hiyo hesabu ni ya kwako wewe, hakuna muuza duka wala mtu wa YouTube anayeweza kukupa.

Hatua ya pili: jua sensa yako. Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Sensa ya ful fremu, ile kubwa, ina upana wa milimita 36. Hizi ndogo zinazoitwa APS-C, ambazo ndo wengi tunazo, za Canon ni kama 22.3 na za Nikon, Sony na Fujifilm ni kama 23.5. Sensa ndogo inakata pembeni, kwa hiyo lenzi ileile inaonekana kama imevuta zaidi, mara 1.6 kwa Canon na mara 1.5 kwa hao wengine. Hesabu ninayoitumia ni hii: upana wa sensa zidisha kwa mita ulizosimama kutoka kwenye kitu, gawanya kwa mm za lenzi, unapata mita ngapi zitaingia kwenye picha. Ukigeuza kamera ikasimama wima, jibu hilohilo linakuwa urefu wa kwenda juu. Iandike kwenye simu.

Hatua ya tatu: pima namba ya kwanza kwenye mtaa wenyewe. Twende mtaa wa India, mji mkongwe. Kuna milango ya nakshi pale ambayo kila anayekuja anataka kuipiga, na uzuri wake uko juu, kwenye kizingiti cha juu, huko ndo fundi alikomaliza ufundi wake, maua yamepandana na mnyororo umechongwa ukashuka na miimo mpaka chini. Sasa mtaa ni mwembamba, unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta wa nyumba ya pili na bado uko mita 3 tu kutoka mlangoni. Piga hesabu. Ful fremu na lenzi inayoanza 24, kamera imesimama wima, zinaingia mita 4 na nusu, mlango wote na baraza unapata. Inayoanza 28, inaingia kama 3.9, bado uko salama. APS-C ya Canon na lenzi inayoanza 18, kama 3.7, sawa kabisa. Ila kuna kijana alikuja na Sony ya APS-C amefunga 28-200 ambayo ilitengenezwa kwa ful fremu, lenzi nzuri sana ile, lakini kwenye sensa yake kwa mita 3 inaingia mita 2 na nusu tu. Kizingiti chote cha juu kimekatwa. Mzee wa nyumba alikuwa amekaa barazani anatutazama, akamwambia "mjukuu wangu, rudi nyuma kidogo", kijana akasema "babu, nyuma ni ukuta".

Kwa hiyo kanuni yangu: APS-C lenzi ianzie 18 au chini yake, ful fremu ianzie 24, na 28 ikubalike kama kuna sababu nyingine nzito ya kuichukua. Kitu cha mbali unaweza kukikata kwenye kompyuta kikasogea kidogo, lakini ambacho hakikuingia kwenye picha hakirudi.

Hatua ya nne: sasa ndo uangalie namba ya mwisho. Hesabu ni ileile. Ngalawa ipo mita 100 baharini, APS-C ya Canon ikiwa 200, zinaingia mita 11, ngalawa na tanga lake linakaa vizuri na maji kidogo pembeni. Ukiwa na 135 zinaingia kama 16 na nusu, bado ni picha, inabidi tu usubiri isogee. Kwa mji, ufukwe, magofu ya Kaole, kanisa la Misheni, mimi 135 kwenye APS-C inanitosha siku nzima. Kaole hasa, ile misikiti na makaburi ya nguzo unayafikia kwa miguu, unayazunguka, hakuna cha kuvuta.

Mbuga ya Saadani ndo habari nyingine. Tembo yupo mita 50 na huwezi kushuka kwenye gari kumsogelea. Ful fremu kwa 200 zinaingia mita 9, tembo unampata na pori lake. Ndege yuko mtini umbali uleule, kwa 200 atakuwa kadoa, hapo unatamani 300 au 400. Jiulize kwa ukweli, kwa mwaka unaenda mbugani mara ngapi? Kama ni mara moja, kodi au azima lenzi ndefu kwa safari hiyo, usibebe mzigo wa mbugani kila siku mtaani.

Maana kila mm unayoongeza unailipia. Zumu inayovuta sana lazima ilegeze mahali, kwa kawaida upande wa 18 mistari inapinda kama pipa, mlango wa mraba unatoka na tumbo, na mwisho wa kuvuta picha inalainika, hasa pembeni. Kupinda kunarekebishika kwenye programu, unachagua jina la lenzi inanyoosha yenyewe. Kulainika dawa yake ni kufunga apacha mpaka f8, na mchana wa Bagamoyo mwanga wa f8 upo tele. Cha kuangalia ni mpaka upi utauvumilia.

Hatua ya tano: mwanga. Kwenye lenzi imeandikwa labda 3.5-6.3. Maana yake ukiwa umepanua unapata f3.5, ukivuta mpaka mwisho inakuwa f6.3, na hapo mwanga unaoingia umepungua zaidi ya mara 3. Mchana hutajua. Jioni kwenye ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa, utajua, taa za jukwaani zinabadilika, mchezaji anaruka, unavuta, ISO inapanda mpaka picha inajaa chenga. Usidanganyike na kizuia mtikisiko hapo, kile kinatuliza mikono yako wewe, mchezaji anayeruka hakimtulizi, kumgandisha inataka shata ya haraka, yaani kamera ifungue na kufunga upesi, na shata ya haraka inataka mwanga. Hakuna zumu ya safari inayoliweza hili, kwa hiyo ushauri wangu, kama unapenda picha za usiku weka akiba ununue na kadogo kamoja ka 50 f1.8. Ya Canon ile ya 2015 ina uzito wa gramu 160 hivi, inakaa mfukoni, na ukilinganisha na f5.6 inaingiza mwanga karibu mara 10. Unaifunga ukiwa ndani kabla ya kutoka, sio ufukweni.

Kizuia mtikisiko chenyewe kina kazi yake, ndani ya kanisa, kwenye chumba cha makumbusho, vitu vilivyotulia. Bila hicho jaribu shata isiwe chini ya sekunde 1 gawanya kwa mm, yaani ukivuta 200 iwe 1/200 ya sekunde au haraka zaidi, na kwenye APS-C ongeza, 1/320 hivi.

Hatua ya sita: majina. Sitakuchagulia, ila hizi ndo ningeanza kuzitafuta. Canon za zamani zenye kioo ndani (DSLR) za APS-C, 18-135. Zipo tatu, ya 2009, ya 2012 yenye maandishi STM na ya 2016 yenye USM. Ile ya kwanza injini ya fokasi inapiga kelele, kama unarekodi video achana nayo, STM ya mtumba ndo napendekeza kwa mwenye hela ya kawaida. Nikon zenye kioo, 18-140. Anayetaka kuvuta kupita kiasi kwenye hizohizo APS-C, Tamron walitoa 18-400 mwaka 2017, uizingatie kama Saadani na Mikumi ndo maisha yako. Hizi mpya zisizo na kioo, Nikon Z ful fremu kuna 24-200 ya gramu 570, nyepesi kwa inachokifanya, naiheshimu sana. Canon R kuna 24-240, gramu 750, ujue tu kwamba kwenye 24 inategemea kamera inyooshe picha, ukifungua faili mbichi (RAW) bila marekebisho utaona pembe nyeusi, usishtuke. Sony ful fremu, Tamron 28-200 ya 2020, inaanza f2.8 ambayo kwa zumu za aina hii ni adimu, hiyo ndo sababu nzito niliyosema ya kuikubali 28. Haina kizuia mtikisiko ndani, bodi yako, yaani kamera yenyewe, ndo iwe nacho. Sony ya APS-C au Fujifilm, Tamron 18-300.

Hatua ya saba: ukifika dukani au kwa mtu anayeuza mtumba. Nenda na kamera yako, memori kadi yako na tochi. Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini mwaka mzima huota fangasi ndani. Fungua mifuniko yote miwili, fungua apacha mpaka mwisho, mulika tochi kutoka nyuma huku ukichungulia mbele kwa pembe. Vumbi chembe mbili tatu sio tatizo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi, rudisha hiyo lenzi, hata akikupunguzia nusu ya bei.

Angalia skrubu za nyuma kwenye chuma kinachoshika kamera, zikiwa zimechubuka ujue imeshafunguliwa. Zungusha zumu taratibu mwanzo mpaka mwisho ukisikiliza, mchanga una sauti yake, kama unasaga chumvi. Afu vuta katikati, elekeza lenzi chini uiache. Nyingi za safari shingo inashuka yenyewe kwa uzito, ikishuka polepole vumilia, ikidondoka kwa mkupuo imechoka.

Mwisho tafuta ukuta wa tofali au gazeti ulibandike ukutani, simama sawasawa nalo, piga kwa namba ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kila moja mara mbili, apacha wazi na f8. Kuza picha uangalie pembe nne. Zote zikilainika sawa ni tabia ya lenzi, lakini kushoto kukiwa kukali na kulia kumefifia, kioo kimoja ndani kimekaa upande, na hilo hata f8 haliponyi vizuri. Muuzaji akikukatalia dakika 10 za haya majaribio, ondoka.

Ukishainunua. Nunua na kofia yake ya kukinga jua. Bahari yetu iko mashariki, asubuhi jua linatoka majini na ukielekeza lenzi kwenye mashua linaingia moja kwa moja, na hizi zumu zina vioo vingi ndani kwa hiyo mwanga unagongana humo unatoka na viduara vya rangi katikati ya picha. Jua likiwa ndani ya picha kofia haisaidii, likiwa pembeni kidogo inasaidia sana. Kuanzia saa kumi jioni jua linakuwa mgongoni kwako, matanga yanawaka, huo ndo muda wa kuvuta.

Ukiwa kwenye upepo na shingo imetoka, usiirudishe kabla hujaifuta, maana kila inaporudi inaburuta ilichoshika kwenda ndani. Jioni kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi kikamuliwe mpaka kibaki unyevu tu, futa mwili wote kutoa chumvi, kikavu kifuate, kioo kipulizwe kwanza kabla ya kuguswa. Hifadhi kwenye dumu la plastiki linaloziba na vile vipakti vya silika vinavyonyonya unyevu, na usiiache humo miezi, itoe, ivute iende na kurudi, ipate mwanga. Na mfuniko wa nyuma uufute nao, mchanga mwingi nilioutoa kwenye sensa za watu ulianzia humo.