SOMO: Imeili zinaingia ila hazitoki ukiwa safarini, na namna ya kulimaliza tatizo hilo kwenye laptopu

Wakuu, habari za majukumu.

Tatizo hili huja na sura ileile kila mara. Mtu yuko hotelini Kigali kwenye semina, au Dodoma kikazi. Anafungua laptopu, barua pepe mpya zinamiminika kama kawaida, anajibu moja, anabonyeza kutuma, jibu linakwama kwenye Outbox. Anabonyeza tena, wapi. Mwisho anafuta akaunti nzima ili aiweke upya, na hapo anakuwa amejiongezea tatizo la pili, maana nenosiri alilowekewa na fundi wa ofisi halijui.

Somo hili ni la wanaotumia programu kama Outlook au Thunderbird. Anayesomea barua zake kwenye kivinjari ana shida zake nyingine, lakini hii si yake.

Kwa nini kuingia kuwe salama na kutoka kugome? Kwa sababu ni kazi mbili zisizohusiana. Kupokea hupitia IMAP kwenye poti (mlango wenye namba kwenye seva) 993, au POP3 kwenye 995. Kutuma hupitia SMTP, utaratibu ulioandikwa 1982, enzi ambazo seva ilipokea barua ya yeyote na kuisafirisha bila kumuuliza yeye ni nani. Poti yake ya asili ni 25. Watuma barua taka waliona mwanya: kompyuta zenye virusi zikawa zinamwaga maelfu ya barua kupitia poti hiyo bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana leo kampuni nyingi za intaneti na Wi-Fi nyingi za hoteli na viwanja vya ndege zimeifunga poti 25 kwa wateja wao. Aliyeifunga hana ubaya nawe. Bila hivyo, mgeni mmoja mwenye kompyuta iliyoambukizwa angeiingiza hoteli nzima kwenye orodha za watuma taka.

Kuna na sababu ya pili, ya ofisini. Seva nyingi za zamani hazidai nenosiri wakati wa kutuma, zinaangalia tu kama umo ndani ya mtandao wa ofisi. Ukiwa mezani kwako wewe ni mtu wa nyumbani. Ukifika Arusha unakuwa mgeni, na seva inakataa kukubebea barua.

HATUA YA 1: Usiguse setingi yoyote. Badilisha mtandao kwanza.

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Zima Wi-Fi ya hoteli, washa hotspoti ya simu yako, unganisha laptopu, jaribu kutuma barua fupi isiyo na kiambatisho. MB chache za bando zinatosha.

Ikitoka, ujue akaunti yako ni nzima na mtandao wa hoteli ndio unaozuia. Kama una haraka, tuma barua zako kwa hotspoti, kazi iendelee. Isipotoka, kosa linaweza kuwa kwenye setingi, kwenye nenosiri, au kwenye seva yenyewe, na hakuna haja ya kumsumbua kijana wa mapokezi.

Kama hata kupokea kumegoma, angalia mambo mawili mepesi. La kwanza, Wi-Fi nyingi za wageni hudai ufungue ukurasa wao na kuweka namba ya chumba kabla ya kukupa intaneti, na Outlook haina pa kukuonyesha ukurasa huo. Fungua kivinjari, andika neverssl.com, ukurasa utajitokeza. La pili, kwenye Outlook ya zamani (classic) nenda kichupo cha Send/Receive uone kama "Work Offline" imebonyezwa. Wengi huibonyeza kwenye ndege, wakasahau.

HATUA YA 2: Kagua poti ya kutuma.

Outlook ya zamani: File, kisha Account Settings, chagua akaunti, Change, More Settings, kichupo cha Advanced. Thunderbird: Account Settings, shuka chini kabisa upande wa kushoto utaona Outgoing Server. Ukikuta 25, umeshampata mwizi.

Weka 587, na usimbaji (kufichwa kwa mazungumzo) uwe STARTTLS. Poti hii ilitengwa mwaka 1998 mahususi kwa watu wanaotuma kutoka kwenye kompyuta zao, na mitandao mingi huiacha wazi kwa sababu inadai nenosiri. Ikigoma, weka 465, na usimbaji uwe SSL/TLS. Tofauti ni kwamba 587 huanza mazungumzo wazi kisha yakafichwa, ilhali 465 huficha tangu neno la kwanza. Mimi naipenda zaidi 465 kwa msafiri, kwa sababu baadhi ya vifaa vya mitandao huingilia yale mazungumzo ya mwanzo ya 587 na kuyavuruga. Mwongozo rasmi wa 2018 nao uliipa 465 kipaumbele.

Kwenye Outlook, katika dirisha lilelile la More Settings, nenda kichupo cha Outgoing Server, weka tiki pale panapodai seva ya kutuma ithibitishe mtumaji, na chagua itumie jina na nenosiri lilelile la kupokelea. Tiki hii peke yake imetatua kesi nyingi.

Unataka kuhakikisha poti iko wazi kabla ya kuhangaika? Kwenye Windows fungua PowerShell, andika:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Weka jina la seva yako badala ya hiyo ya Gmail. Ukiona TcpTestSucceeded ni True, njia ipo. Ikiwa False, kuna mtu amefunga njiani. Kwenye Mac fungua Terminal, andika nc -vz likifuatiwa na jina la seva, nafasi, kisha namba ya poti.

HATUA YA 3: Soma ujumbe wa kosa mpaka mwisho.

Watu huniambia "imeandika error". Error gani? Namba 550 pamoja na maneno "relaying denied" maana yake seva imefikiwa, ila haikutambui. Rudi kwenye ile tiki. Namba 535 ni jina au nenosiri kukataliwa. Ukiona muda umekwisha bila jibu, au 0x80042109 ya Outlook, seva haijafikiwa kabisa, kwa hiyo shughulika na mtandao na poti. Ukilalamikiwa kuhusu cheti (kitambulisho cha seva), angalia tarehe ya laptopu. Ikiwa inasoma miaka ya nyuma, hakuna cheti kitakachokubalika.

HATUA YA 4: Nenosiri la programu.

Gmail iliacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za nje kuanzia 30 Mei 2022. Programu ikufungulie dirisha la Google uingie humo, au uwashe uthibitisho wa hatua mbili kisha utengeneze nenosiri la programu, lile la herufi 16. Microsoft nao walifunga njia ya zamani kwa akaunti binafsi za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Huko usitafute nenosiri la ujanja, sasisha programu uingie kwa dirisha lao.

Na kama tenda inafungwa saa kumi jioni na sasa ni saa tisa na nusu, achana na yote haya. Ingia kwenye barua zako kwa kivinjari, tuma, kisha urudi kusoma somo. Kivinjari hupitia poti 443, na hiyo hakuna hoteli inayothubutu kuifunga.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Moshi: Mkuu, nimeweka 587, imekubali. Nikirudi ofisini nirudishe 25?

Hapana, iache hapohapo, itafanya kazi popote. Isipokuwa kama seva ya ofisi ni ile ya ndani isiyojua 587. Hapo mwombe fundi wenu aiwashe, ni kazi ndogo kwake.

Mdau aliye Guangzhou: Kaka, nimekuja kufuata mzigo. Gmail haingii wala haitoki, nimejaribu poti zote hadi nimechoka. Simu ya mwenzangu mwenye laini ya nyumbani inafungua vizuri tu.

Poti hazihusiki hapo. Gmail imezuiwa China, na tangu mwishoni mwa 2014 hata kupitia Outlook haipatikani. Simu ya mwenzako inafungua kwa sababu laini ya nyumbani ikiwa roaming, data yake hurudishwa kwanza kwa kampuni ya simu ya nyumbani ndipo iende kwenye intaneti. Kwa hiyo hotspoti ya simu hiyo itakufaa, ila uliza bei kabla, na uzime masasisho ya Windows yasije yakala salio lote. Safari ijayo wape wauzaji wako anwani nyingine isiyo ya Google kabla hujapanda ndege.

Mdau wa Mombasa: Ndugu mwalimu, fundi mmoja ameniambia nibadilishe seva ya kutuma niweke ya kampuni ya intaneti ya hapa nilipo. Ni sawa?

Ulikuwa ushauri mzuri zamani. Siku hizi utajiumiza. Kikoa cha kampuni yako (ile sehemu ya anwani baada ya @) kina orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na anayepokea huikagua. Barua yako ikitokea seva ngeni, itaishia kwenye taka au kukataliwa kabisa. Gmail walikaza zaidi Februari 2024. Tumia seva yako mwenyewe, badilisha poti tu.

Mdau wa Bujumbura: Nikiwa uwanja wa ndege Outlook inaniambia cheti cha seva hakijulikani, niendelee au nisiendelee? Nimekuwa nikibonyeza Yes.

Acha kubonyeza Yes, dada. Inawezekana ni ukurasa wa Wi-Fi bado hujaupita, na hilo si hatari kubwa. Lakini inawezekana pia kuna mtu kati yako na seva, na nenosiri lako unampa mkononi. Ingia kwanza kwa kivinjari. Onyo likiendelea, tumia hotspoti, na ukifika salama badilisha nenosiri.

Mdau wa Kahama: Yangu ilianza kukataa kutuma, nikajaribu nenosiri mara nyingi, sasa hata kupokea hakuna. Ni imeili ya kampuni.

Umefungiwa. Seva nyingi za kampuni ndogo zina ulinzi unaoifungia anwani ya mtandao ikikosea nenosiri mara kwa mara, na hotelini mnatumia anwani moja wote. Ukiingia kwa hotspoti utaona inafunguka. Mpigie anayesimamia seva aondoe kifungo. Halafu kagua simu yako: kama ina nenosiri la zamani, inaendelea kubisha hodi kimyakimya na itakufungia tena.

Mdau wa Tanga: Google wanataka namba ya uthibitisho kwenye laini niliyoiacha nyumbani. Nifanyeje?

Kama kuna mtu nyumbani unayemwamini, aiweke laini kwenye simu akusomee namba. Kwa safari nyingine, chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google huzitoa kwenye ukurasa wa usalama, uziweke kwenye pochi mbali na laptopu. Kila moja hutumika mara moja.

Mdau wa Tunduma: Barua fupi zinatoka, lakini katalogi ya MB 19 inakwama, na kila inayofuata inakwama nyuma yake. Si Gmail inaruhusu MB 25?

Inaruhusu, lakini faili likisafirishwa kwa imeili hugeuzwa kuwa maandishi na kuongezeka kwa takribani theluthi, kwa hiyo MB 19 zako zinavuka 25. Weka katalogi kwenye Google Drive, tuma kiungo. Ile iliyokwama, zima Wi-Fi kwanza au bonyeza Work Offline, fungua upya Outlook, uiburute kutoka Outbox kwenda Drafts. Ukijaribu kuifuta ikiwa inaendelea kutumwa, haifutiki. Ukimaliza, ibonyeze tena Work Offline iondoke.