Kusoma joto la bahari ya kale kwenye tumbawe la Malindi

Wanaochunguza hali ya hewa ya kale ya Aktiki hukata barafu iliyozikwa ardhini Siberia na kupima oksijeni iliyomo. Malindi hatuna barafu, lakini tuna Porites, tumbawe linalojijengea chokaa mwaka hadi mwaka, na oksijeni yake hupimika vilevile. Tumbawe la hapa limewahi kutoa rekodi ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994.

Anza na vibali, miezi kadhaa mapema. Hifadhi ya bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968: unahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na sampuli ikisafirishwa nje ya nchi, kibali cha CITES (mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini).

Tafuta tumbawe la umbo la kuba, lenye kimo cha mita 2 hivi, lililo hai hadi kileleni. Porites hukua sentimita 1 hadi 1.5 kwa mwaka, kwa hiyo kimo hicho ni kama karne moja na nusu. Ngozi hai ya juu ndiyo tarehe yako ya kuanzia kuhesabu. Jiwe la kuokota ufukweni, au lililotoka kwenye ukuta wa nyumba ya kale, halina tarehe hiyo. Itabidi umri wake upimwe kwa urani na thoriamu.

Zamia Februari au Machi, siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Mapema kidogo tu, mafuriko ya vuli hushusha matope ya Mto Sabaki na kaskazi huyasukuma kusini hadi kwenye miamba. Tumia keekee ya hewa yenye mdomo wa almasi, upana wa sentimita 5 hadi 8, uanzie katikati ya kilele na kushuka wima. Kila kipande kinachotoka kipe namba na mshale unaoonyesha upande wa juu papo hapo, kabla hakijapanda mashuani; vipande viwili vikigeuzwa, miongo mizima itapinduka. Tundu lizibe kwa kizibo cha saruji ili viumbe vinavyotoboa chokaa visiingie, na ngozi hai iweze kulifunika.

Maabara, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha kata vibao vya unene wa milimita 7 na uvipige eksirei. Utaona mistari myeupe na myeusi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Hapa usiharakishe. Chagua njia ya kuchimba unga inayofuata mkondo mkuu wa ukuaji, pale mistari inapoonekana kali na kukatiza njia yako mraba. Ukitoka kwenye mkondo huo, tofauti ya misimu hufifia na utadhani bahari ilitulia. Chimba unga kila milimita 1, upate sampuli 10 hadi 15 kwa mwaka. Mikrogramu 100 zinatosha: asidi ya fosfori huutoa unga kaboni dayoksaidi, na spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito, hupima oksijeni 18 iliyo nzito dhidi ya oksijeni 16 iliyo nyepesi.

Aliyezoea barafu ajihadhari. Kwenye barafu ya ardhini, oksijeni 18 ikiongezeka, majira ya baridi yalikuwa na joto zaidi. Kwenye tumbawe ni kinyume: bahari ikipata joto, oksijeni 18 hupungua, takriban sehemu 0.2 kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo thamani ya chini kabisa ya kila mwaka ipe Machi au Aprili, ya juu kabisa ipe Agosti, kisha gawa miezi ya katikati sawasawa.

Lakini mvua na maji ya mto navyo hupunguza oksijeni 18, na mwaka wa mafuriko huweza kujifanya mwaka wa joto. Ndiyo maana tunasisitiza kupima strontiamu dhidi ya kalsiamu kwenye unga uleule. Uwiano huo hufuata joto kuliko chumvi, ukishuka milimoli 0.06 hivi kwa moli kwa kila nyuzi. Kwenye badiliko la oksijeni 18, toa sehemu ya joto. Inayobaki ni habari ya maji. Bariamu nayo hufuata matope ya Sabaki: tumbawe la Malindi lenye umri wa karne tatu limeonyesha mmomonyoko wa udongo bara ukipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kagua chokaa yenyewe kwa darubini na miale ya eksirei kabla ya kuamini chochote. Aragonaiti, aina ya chokaa inayojenga tumbawe, ikijijenga upya kwenye vitundu huleta baridi ya uongo. Kalsaiti, aina nyingine ya chokaa, huleta joto la uongo. Sehemu hizo ziache.

Hesabu ya miaka ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakipishana, rudini kwenye eksirei, na ikibidi mtoboe tundu la pili kwenye tumbawe lilelile. Milimita 5 hadi 10 za juu msizitumie kulinganisha na vipimo vya joto vya sasa, kwa sababu ndani ya ngozi hai chokaa bado inaendelea kunenepa.